Bomba la mafuta linalotunzwa kwenye joto: je, kinga ya kathodi inafika chini ya sponji?

Fundi wa Mkuza, Tanga, anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa matunzo ya mabomba ya dizeli na petroli, yaani mabomba ya kawaida yanayopakwa kinga ya nje, yakafukiwa, kisha yakaunganishwa na mfumo wa kinga ya kathodi. Katika mabomba hayo namna ya kuzuia kutu inaeleweka. Upako wa nje unakitenga chuma na udongo, na pale upako unapokwaruzika au kuzeeka, mkondo mdogo wa umeme unaotoka kwenye anodi, yaani kipande cha metali kilichozikwa kando ya bomba, hupita udongoni, ukaingia kwenye chuma kilichobaki wazi na kukizuia kisiliwe. Tunapima volti kwenye vituo vya vipimo kandokando ya mkuza, yaani ukanda wa ardhi linamopita bomba, na tukipata hasi milivolti 850 au zaidi ya hapo kuelekea upande wa hasi, dhidi ya elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba (kifaa cha kulinganishia kinachowekwa udongoni), tena papo hapo baada ya kukata mkondo, tunahesabu kwamba chuma kimelindwa.

Sasa Afrika Mashariki imeingia kwenye bomba la aina nyingine. Bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443 na kipenyo cha inchi 24, na kwa kuwa mafuta ghafi ya Ziwa Albert yana nta nyingi, hayana budi kutunzwa kwenye joto la nyuzi 50 hivi ili yasigande njiani. Ndiyo sababu kiwanda cha Sojo, mkoani Tabora, kilijengwa ili mabomba yavikwe tabaka la kuhifadhi joto, yaani sponji iliyofunikwa na gamba la plastiki, kabla ya kwenda kulazwa mtaroni. Sina habari ya kasoro yoyote kwenye bomba hilo, wala sikusudii kulituhumu. Ninauliza kuhusu aina hii ya bomba kwa ujumla, kwa sababu vijana wetu wengi watapewa kazi ya kulitunza kwa miongo inayokuja, na mafunzo tuliyowapa ni ya mabomba yasiyo na sponji.

Maswali yangu yamefungamana. Maji yakipenya gamba la nje yakafika kwenye chuma, mkondo wa kinga unaweza kuyafuata huko chini ya sponji? Kama hauwezi, vipimo vyetu vya volti vina maana gani? Na je, tutegemee tu kifaa cha ukaguzi kinachopita ndani ya bomba kitujulishe hali ya ukuta?

Mhandisi Mstaafu, Dar es Salaam, anajibu:

Fundi, swali lako ni zito na linastahili jibu lisilozunguka. Kinga ya kathodi haifiki chini ya sponji kwa namna ya kutegemewa. Inaweza kulinda kipande kidogo karibu na mahali maji yalipoingilia, lakini mbele ya hapo chuma kinabaki peke yake.

Mkondo wa kinga husafirishwa na ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zilizomo katika maji ya udongo, kwa hiyo ni lazima pawe na njia ya maji isiyokatika kutoka kwenye anodi hadi kwenye chuma. Gamba la plastiki na sponji ya polyurethani havipitishi umeme wa maana. Maadamu chini yake ni pakavu, hilo halina madhara yoyote, maana pasipo maji kutu ya namna hii haipo. Mambo hugeuka pale ufa mmoja mdogo, au kiungio kimoja kilichofunikwa vibaya, kinaporuhusu maji kuingia. Maji hayo hayakai mlangoni. Hutambaa kati ya sponji na chuma, pengine mita nyingi kutoka pale yalipoingilia, na kadiri njia inavyokuwa ndefu na nyembamba ndivyo ukinzani wake unavyoongezeka, hadi mkondo wa kinga unaishia karibu na ufa. Juu ya hayo, bomba lina joto, na joto huharakisha kutu. Likipungua joto na kupanda tena, pale chini hulowa na kukauka kwa zamu, na chumvi iliyokuja na maji hubaki ikizidi kukolea.

Wakati huohuo wewe uko juu, umeweka elektrodi yako udongoni, na mita inakusomea hasi milivolti 950. Mita haijasema uongo. Imekueleza hali ya chuma kinachoonana na udongo, basi. Habari za chuma kilichofichwa na sponji iliyolowa hazimo katika namba ile.

Tukio linalopaswa kufundishwa katika kila darasa la fani hii ni la Refugio, pwani ya Kaunti ya Santa Barbara huko California, tarehe 19 Mei 2015. Bomba lililopasuka lilikuwa la inchi 24, lilibeba mafuta ghafi mazito yaliyopashwa joto, na lilikuwa limevikwa sponji ya polyurethani. Takriban mapipa 3,000 yalimwagika, na sehemu yake ikateremka hadi baharini. Wachunguzi wa mamlaka ya usalama wa mabomba ya Marekani walikuta kwamba chanzo ni kutu ya nje, chini ya tabaka la kuhifadhi joto. Jambo linalogusa swali lako moja kwa moja ni hili: kumbukumbu zilionyesha kuwa kiwango cha kinga ya kathodi kilikuwa kile ambacho kwa kawaida kingetosha kulinda bomba lililopakwa lakini lisilo na sponji. Vipimo vilikuwa vizuri, na bomba likaliwa.

Kwa hiyo katika bomba la aina hii ulinzi wa kweli ni kuyazuia maji, na silaha yake ya kwanza ni upako wa epoksi unaokaa moja kwa moja juu ya chuma, chini ya sponji. Katika bomba la kawaida tumezoea kusema kwamba tundu dogo la upako litafidiwa na kinga ya kathodi. Hapa hakuna wa kulifidia. Chuma kisafishwe kwa kupigwa chembe za chuma au mchanga maalumu hadi kiwango cha usafi kiitwacho Sa 2½, yaani karibu chuma kitupu, kisha kipimwe chumvi, hasa kama kimehifadhiwa karibu na bahari, kwa sababu kloridi isiyoonekana kwa macho ikibaki chini ya epoksi itavuta unyevu hadi upako ufure. Joto la chuma wakati wa kupaka liwe juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambapo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji, kwa angalau nyuzi 3. Wanaofanya kazi alfajiri, au msimu wa masika pwani, wanajua jinsi sharti hilo linavyovunjwa kwa haraka ya kumaliza kazi. Halafu upako wote upitishiwe kipimo cha cheche, yaani volti kubwa inayorusha cheche penye tundu, na kila tundu lililopatikana lizibwe na kupimwa tena.

Silaha ya pili ni maungio. Kiwandani bomba hupakwa chini ya paa, mashine ikiwa imepangwa na joto likiwa linadhibitiwa. Kwenye mkuza, kiungio kilicholehemewa hupakwa na watu waliochoka, vumbi likipeperuka na mvua ikinyemelea. Ukinipa fedha ya kuajiri wakaguzi kumi wa mradi kama huu, nitawapeleka wanane kwenye maungio. Kila ncha ya bomba inayotoka kiwandani iwe na kizuizi cha maji kinachofunika mwisho wa sponji, ili maji yakiingia kwenye kiungio yasisafiri kwenda kwenye bomba zima, na ala ya plastiki inayofunika kiungio ishikamane pande zote mbili bila mapengo.

Mkaguzi wa Ndani ya Bomba, Mombasa, anajibu:

Naunga mkono maneno ya Mhandisi, nami nijibu sehemu ya tatu ya swali, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kifaa tunachokiita pigi ni cha lazima, lakini kukitegemea peke yake ni hatari, na ushahidi unatoka palepale Refugio.

Bomba lile lilikaguliwa kwa pigi mwaka 2007, mwaka 2012, na tena mapema Mei 2015, siku chache tu kabla halijapasuka. Kila ukaguzi ulionyesha sehemu zilizoliwa zikiongezeka. Pale lilipopasukia, takwimu za pigi ya mwisho zilisoma upungufu wa ukuta wa asilimia 47. Maabara ilipokipima chuma chenyewe, upungufu ulikuwa asilimia 89. Tofauti hiyo haiwezi kuitwa kosa dogo la kipimo, maana asilimia 47 ni bomba la kupangiwa matengenezo, ilhali asilimia 89 ni bomba la kuzimwa saa hiyohiyo.

Pigi za kawaida zinazotumia usumaku huujaza ukuta wa bomba usumaku na kupima kiasi kinachovuja pale chuma kilipopungua. Zinapima vizuri mashimo yaliyojitenga, na watengenezaji huahidi usahihi wa kama asilimia 10 ya unene wa ukuta, kuzidi au kupungua, kwa uhakika wa asilimia 80. Someni tena sentensi hiyo: hata ahadi yenyewe inakubali kwamba kipimo kimoja katika kila vitano kinaweza kutoka nje ya mipaka. Kutu ya chini ya sponji mara nyingi si shimo lililojitenga. Ni eneo pana lenye mashimo ndani ya mashimo, na umbo kama hilo huuchanganya usumaku, kina kikasomwa kidogo kuliko kilivyo. Pigi za mawimbi ya sauti hupima unene wenyewe na zinafaa kwenye bomba lililojaa mafuta, ila mafuta yenye nta hupaka ukuta tabaka linalozuia mawimbi, kwa hiyo bomba lisiposafishwa kwanza kwa pigi za kukwangua, takwimu zitakuwa na mapengo.

Dawa yake ni kufukua. Ripoti ya pigi ikitoka, chagua sehemu kadhaa, zikiwemo zile ambazo ripoti inasema hazina shida kubwa, zifukue, ondoa sponji, pima kina kwa mkono, kisha linganisha. Ukikuta pigi inasoma pungufu kila mara, sahihisha ripoti nzima. Nimewahi kuona meneja akilalamikia gharama ya kufukua huko, lakini bila kufukua unasimamia bomba kwa namba ambazo hakuna aliyezihakiki.

Halafu usiangalie kina peke yake, angalia na kasi. Tuseme ukuta una milimita 10, na sehemu moja ilikuwa imepoteza milimita 2 katika ukaguzi uliopita na milimita 4 miaka mitano baadaye. Mtu akisema bado tuna milimita 6, atakuwa amesahau kwamba kasi ni milimita 0.4 kwa mwaka, na kwamba bomba lenye shinikizo hupasuka kabla ukuta haujafika sifuri. Muda wa ukaguzi unaofuata utokane na hesabu hiyo, na kutu ya chini ya sponji iliyolowa inaweza kuongeza kasi katikati ya vipindi viwili, hivyo kipindi kifupi ni salama zaidi.

Neno moja la hapa kwetu Kenya. Mwaka 2015 bomba la zamani la Mombasa hadi Nairobi, lililokuwa kazini tangu mwaka 1978, lilivuja Thange, Kaunti ya Makueni, na wakazi wakakuta mafuta katika maji yao. Uvujaji mdogo wa polepole mara nyingi hauonekani kwenye mizani ya kulinganisha mafuta yanayoingia na yanayotoka. Kwa hiyo wanaoishi kando ya mkuza wapewe namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana, na taarifa zao zipelekwe kwa wahandisi bila kusubiri barua.

Mkemia wa Mabomba, Mtwara, anajibu:

Dada Mkaguzi na Mzee wetu Mhandisi wamesema sawasawa kuhusu nje. Ninaomba tusisahau ndani, maana naona mjadala unaelekea kana kwamba mafuta ghafi yenyewe hayana neno.

Mafuta hayali chuma, lakini maji yaliyomo ndani yake hukila. Mafuta yakienda kwa kasi ya kutosha, maji hubaki yametawanyika kama matone. Kasi ikipungua, maji huzama chini, pamoja na mchanga na nta, na kukaa kwenye mabonde ya bomba. Chini ya mashapo hayo huzaliana bakteria wasiohitaji oksijeni, wale wanaobadili salfeti kuwa salfidi ya hidrojeni, na dawa ya kuzuia kutu inayotiwa kwenye mafuta haiwafikii kwa kuwa mashapo yamewafunika. Huko Prudhoe Bay, Alaska, mwezi Machi 2006, tundu dogo lililotokana na kutu ya ndani kwenye bomba la inchi 34 lilimwaga mafuta yapatayo mapipa 5,000 juu ya tundra. Mtiririko ulikuwa umepungua, mashapo yametulia, na bomba halikuwa limepitishiwa pigi tangu mwaka 1998.

Gesi nayo ina mkasa wake. Tarehe 19 Agosti 2000, karibu na Carlsbad, New Mexico, bomba la gesi la inchi 30 lililipuka kando ya Mto Pecos na watu 12 waliokuwa wamepiga kambi hapo wakafa. Walikuwa familia moja na jamaa zao. Kutu ilikuwa ndani, katika sehemu ya chini ambako majimaji yalijikusanya, na kipande hicho cha bomba hakikuwa kimejengwa kwa namna ya kupitisha pigi. Ninaporudia habari hii kwa mafundi wapya ninakusudia waelewe kwamba bonde moja la bomba likiachwa na maji linatosha.

Kwa bomba la mafuta yenye nta, basi, pigi za kukwangua zipite kwa ratiba, na kile zinachokisukuma mbele kisitupwe kabla ya kuchunguzwa. Kichukuliwe sampuli, kipimwe chuma, kloridi, salfidi na bakteria. Takataka hizo zinaeleza hali ya ndani mapema kuliko kifaa chochote. Hatari kubwa zaidi huja miaka ya mwishoni, uzalishaji unapopungua na kiasi cha maji visimani kinapopanda, wakati ambapo bajeti ya matunzo nayo hupunguzwa.

Fundi wa Mkuza, Tanga, anaandika tena:

Shikamoo Mzee, nanyi wengine asanteni sana, mmenifungua. Naomba niongeze mawili. Je, ipo njia ya kujua sponji imelowa kabla chuma hakijaanza kuliwa? Na pili, nchini mwetu sasa kuna reli ya umeme, na njia za umeme wa msongo mkubwa zinaongezeka kila mwaka. Mahali ambapo mkuza wa bomba unakwenda sambamba na nyaya hizo, tuhofie nini?

Mhandisi Mstaafu, Dar es Salaam, anajibu:

Marahaba, Fundi. Kuhusu la kwanza, njia ipo na imetumika kwa miongo mingi katika mabomba ya maji moto yanayopasha nyumba joto huko Ulaya ya kaskazini, ambayo yamejengwa kwa mtindo huohuo wa chuma, sponji na gamba la plastiki. Ndani ya sponji hupitishwa nyaya mbili za shaba, na ukinzani kati ya nyaya na bomba hupimwa mara kwa mara. Sponji kavu ina ukinzani mkubwa mno. Ikilowa, ukinzani huanguka, na kwa kupima mwangwi wa ishara ya umeme inayotumwa kwenye waya, mahali penyewe hujulikana kwa ukaribu unaoridhisha. Kwa bomba refu la mafuta ni gharama kuweka kila mahali, lakini kwenye vivuko vya mito, maeneo ya mikoko na mabonde yanayofurika, mimi ningeidai tangu michoro ya kwanza. Nyaya hizo haziwezi kuongezwa baadaye. Pia udongo mweusi wa mbuga usidharauliwe. Hupasuka kiangazi na kufura masika, na mwendo huo huvuta ala za maungio mwaka hadi mwaka.

La pili linahitaji uangalifu, kwa kuwa hatari zipo za aina mbili na watu huzichanganya. Mkondo mnyoofu (DC) unaopotea kutoka kwenye mfumo mwingine, kwa mfano kinga ya kathodi ya bomba la jirani, huingia kwenye bomba lako mahali pamoja na kutokea pengine, na pale unapotokea ndipo chuma kinapoyeyuka. Ampea moja inayotoka kwenye chuma kwa mwaka mzima huondoka na takriban kilo 9 za chuma. Ikitokea kwenye tundu moja la upako, bomba hutoboka mapema sana.

Reli yetu ya kisasa inatumia mkondo geu (AC) wa kilovolti 25, na njia za msongo mkubwa ni za mkondo geu pia. Huu hauhitaji kugusana na bomba. Usumaku wake huzalisha volti kwenye chuma kinachokwenda sambamba nao kwa umbali mrefu. Volti 15 ndiyo kikomo kinachotumika kwa usalama wa mtu anayegusa bomba au valvu, lakini kutu inaweza kutokea chini ya hapo, kwa sababu kinachokula chuma ni wingi wa mkondo katika eneo dogo. Chini ya ampea 30 kwa mita ya mraba hatari ni ndogo. Ukipita ampea 100, utarajie chuma kuliwa. Ajabu yake ni kwamba upako ulio bora, wenye tundu moja dogo tu, ndio unaokusanya mkondo wote hapo. Kwa hiyo zika vipande vya chuma vya majaribio kando ya bomba, viunganishwe nalo, upime mkondo unaopita humo, na pale unapozidi, bomba liunganishwe na ardhi kupitia kifaa kinachopitisha mkondo geu na kuzuia mkondo mnyoofu, ili kinga ya kathodi isipotee ardhini.

Ukirudi kwenye swali lako la msingi, jambo la kuanza nalo wiki hii ni kumbukumbu za maungio. Omba upatiwe, kwa kila kiungio, tarehe, hali ya hewa, jina la kikosi, kipimo cha cheche na picha ya ala kabla ya kufukiwa. Yale yasiyo na kumbukumbu kamili, yaliyo chini ya usawa wa maji, yawe ya kwanza kwenye orodha ya kufukuliwa. Na siku mtakapofukua, kabla hamjafuta chochote, chukueni maji yaliyo chini ya sponji kwa bomba la sindano, mpime pH na kloridi palepale, maana hewa ikishaingia na jua likishapiga, ushahidi huo haupatikani tena.